Jani la Mlimau wa Jikoni

Mimi ndiye niliyesema tuitie milimau kiu mwaka huu. Nalisema mwanzo kabisa ili mtu asinionee huruma bure. Cirino, mume wangu, alisitasita. Binti yetu Tecla alikataa waziwazi. Mimi nikashika kiuno, nikawaambia nimeishi na shamba hili miaka thelathini na tisa na sihitaji kufundishwa namna ya kulinyima maji.

Kwetu huku, kusini ya mji wa Siracusa, mlimau huachwa na kiu kwa makusudi. Mwanzoni mwa Juni unafunga mfereji, basi. Jua linapiga, hakuna tone, majani yanajikunja, mti unadhani unakufa. Halafu siku yake ikifika unaufungulia maji mengi kwa mpigo. Kwa ile hofu yake mti hutoa maua Agosti, wakati usio wake, na malimau hayo huja kuiva kiangazi kinachofuata, pale ambapo huko kwa wengine halipatikani hata moja. Baba yake Cirino alifanya hivyo, na babu yake. Wageni wakisikia wanatuona wakatili, na siku hizi sina ubavu wa kuwabishia.

Kazi yote iko katika kuijua hiyo siku yake. Jani kujikunja mchana si neno. La kuangalia ni alfajiri. Ukilikuta limekunjuka, mti umepumzika usiku na bado una nguvu, ngoja. Alfajiri utakayolikuta limejikunja vilevile kama ulivyoliacha jioni, hiyo ndiyo siku, na maji yanatakiwa siku hiyohiyo au kesho yake. Ukichelewa siku tano unajipalia makaa. Cirino hakuwahi kukosea hata mwaka mmoja. Alikuwa anapanda juu kabla sijaamka, anarudi na jani moja kwenye mfuko wa shati, analiweka mezani karibu na kikombe changu, tunaliangalia wote wawili.

Mwezi wa Mei alianguka kwenye ngazi akivuna, akavunjika nyonga. Alirudi kutoka hospitali na vyuma mwilini na onyo la daktari: akianguka tena, hatasimama maisha yake yote. Tukamtandikia kitanda chumba cha mbele, kinachotazama barabara. Shamba liko nyuma ya nyumba, juu kwenye matuta, mwendo wa dakika kumi. Kutoka kitandani kwake haoni hata jani moja.

"Mwaka huu tuiache inywe tu," aliniambia. "Mimi sina macho huko juu."

"Na haya yangu yana nini?"

"Macho yako huona unachokitaka, Venera."

Alisema kwa utani, mkono wake ukiwa juu ya goti langu. Mimi nikakasirika kweli. Kesho yake nikaenda kufunga mfereji mwenyewe.

Tecla huja Jumapili. Anafanya kazi kwenye kituo cha utafiti wa mimea mjini, na Jumapili ya pili ya Julai alikuja na mashine ya kupima pumzi ya jani ndani ya sanduku, ina kibanio kama cha kuanikia nguo. Akapanda nami shambani, akabana jani moja, akasubiri.

"Mlimau ulioshiba maji hunipa kumi," akasema. "Huu umenipa moja na nusu. Mama, fungulia maji."

"Alfajiri yanakunjuka. Bado."

"Mvua za majira ya baridi hazikunyesha. Udongo umeingia Juni mkavu tayari. Huu si mwaka wa kuipa miti kiu."

"Babu yako hakuwa na mashine."

"Babu alikuwa na mvua."

Ulimi wake ameurithi kwangu, sina wa kumlaumu. Akakaa juu ya tuta akanieleza, na nitamsifu kwa hili, alieleza taratibu. Jani lina vinywa vidogo upande wa chini, maelfu kwa maelfu. Kwa vinywa hivyo linapoteza maji, na kwa vinywa hivyohivyo linavuta hewa ya kutengenezea chakula chake. "Usanisinuru," akasema, kisha akauona uso wangu. "Kupika, mama. Jua ndio moto, hewa na maji ndio unga. Likishikwa na kiu linafunga vinywa lisikauke, na papo hapo njaa inaanza, kwa sababu hewa haiingii. Na jua halizimiki. Moto unaendelea kuwaka chini ya sufuria tupu."

"Na maji yakija?"

"Yakija mapema, jani linanyooka siku ya kwanza. Jiko lake halirudi siku hiyo, linataka siku nne, tano, wiki. Yakichelewa, sufuria zimeshaungua. Maji yanafika na mpishi hayupo."

Nilimwambia aje tule. Nilikuwa nimepika biringanya.

Zamu yetu ya maji ya mfereji ilikuwa Ijumaa, tarehe ishirini na sita Julai, sikukuu ya Mtakatifu Venera, siku ya jina langu. Niliona hiyo ni dalili njema. Watu wazima tunakuwa wajinga hivyo.

Jumanne tarehe kumi na sita nilipanda shambani kukiwa ndiyo kwanza kunapambazuka, Cirino bado amelala. Nikakuta majani yamejikunja. Nilikwenda mti wa pili, wa tatu, nikapita tuta zima, nikipapasa kama mtu aliyepoteza ufunguo. Yote yamejikunja, yamekakamaa, na rangi yake imekuwa ya majivu. Siku ilikuwa imefika, na zamu yetu ilikuwa mbele kwa siku kumi.

Tulikuwa na maji ya gebbia, lile birika kubwa la mawe lililo juu ya shamba, lakini yalikuwa theluthi tu. Yangetosha milimau arobaini ya tuta la chini, ile aliyoipandikiza baba mkwe kwa mkono wake, kati ya mia tatu. Kumwambia Cirino ukweli ilikuwa ni kumwambia achague arobaini na kuzika mia mbili na sitini. Nilijua pia kwamba angetaka kushuka kitandani akaone mwenyewe. Hayo ndiyo niliyojiambia njiani nikiteremka. Lakini nitasema na la tatu, maana nimechoka kulificha: nilikuwa nimekosea mimi, na nilikuwa sitaki kusikia mtu akisema.

Nilikaa jikoni na jani la kweli ndani ya aproni. Nikamsikia anaamka.

"Venera! Umeshapanda?"

"Ndiyo naenda!"

Nikaweka kahawa motoni, nikatoka kwa mlango wa nyuma. Pale mlangoni upo mlimau mmoja, tunauita wa jikoni, hunywa maji ya vyombo mwaka mzima na haujui kiu ni kitu gani. Nikachuma jani. Lilikuwa limekunjuka, linang'aa, jani la mti usio na shida. Nilipoingia kahawa ndiyo ilikuwa inaanza kuguna ndani ya birika lake. Nikampelekea vyote viwili.

Alilishika lile jani muda mrefu. Akaligeuza, akalipitisha kwenye mdomo wa chini, kama afanyavyo siku zote.

"Zuri," akasema.

"Bado lina nguvu."

"Bado," akasema, akaliweka kwenye kisahani dirishani.

Kesho yake nikafanya vilevile, na keshokutwa. Uongo wa siku ya pili hauna uzito kabisa, unaubeba kama mkate wa asubuhi. Kisahani kikawa na majani mawili, matatu, matano, na mimi nikipanda juu kila alfajiri kuona ya kweli yakizidi kukunjamana, kisha nikishuka kuchuma ya uongo.

Jumapili Tecla akaja na sanduku lake. Akabana jani tuta la chini, akatazama kioo, akabana jingine, kisha jingine.

"Chini ya sifuri," akasema.

"Maana yake nini?"

"Maana yake halipiki tena. Linatumia akiba yake tu, na akiba yenyewe inakwisha. Baba anajua?"

"Nitamwambia."

"Mama!"

"Nimesema nitamwambia. Baba yako ana vyuma kwenye nyonga, unataka apande huku kwa magoti? Ijumaa maji yanakuja."

"Fungua gebbia leo. Hii arobaini tu. Nakuomba."

"Nikiyamwaga maji yake leo, Ijumaa nitaanza na nini? Maji ya kwanza lazima yawe mengi, ukiupa mti nusu kikombe unauamsha ili uone unavyokufa. Hilo hukufundishwa huko kituoni?"

Nilikuwa nasema maneno ya Cirino kwa sauti ya Cirino. Ni maneno ya kweli, mwaka wenye mvua. Tecla akafunga sanduku lake, akaenda kumbusu baba yake, akaondoka bila kula. Hakumwambia. Alikuwa amenipa nafasi nimwambie mwenyewe, na mimi nikaitumia hiyo nafasi kunyamaza.

Ijumaa nilikuwa kwenye mlango wa mfereji saa kumi na mbili asubuhi, jembe begani, herini za sikukuu masikioni. Iachino, mwenye funguo za zamu, alikuwa amekaa juu ya ukuta anakula mkate.

"Dada Venera! Hongera kwa siku ya jina lako."

"Hongera peleka kanisani. Fungua maji."

"Nifungue maji gani? Nikifungua hapa utapata vumbi na chupa za watu."

"Iachino, mimi sina meno ya kuchekea asubuhi hii."

Akaacha kutafuna. Akatoa simu yake akanisomea ujumbe: maji ya bwawa yamebaki kwa ajili ya kunywa mijini tu, zamu zote za mashamba zimesimamishwa mpaka itakapotangazwa tena. Ulikuwa umetumwa tangu juzi. Simu yetu iko kwa Cirino na hakuna anayesoma ujumbe, ni ya kuongea na Tecla tu.

"Lakini wewe si una gebbia?" akasema. "Sote tumeshamwagia za kwetu wiki iliyopita. Hata mimi nimeokoa kidogo, nusu ya miti yangu. Majani yalikuwa hayakunjuki alfajiri, tukajua imetosha. Cirino alisemaje?"

Nilitazama ndani ya mfereji. Kulikuwa na chura mmoja amekauka ukutani, bapa.

Nikarudi mbio, mtu wa miaka sitini na moja na jembe begani, nikafungua gebbia. Maji yakashuka kwenye tuta la chini, yakaingia kwenye vishimo vya milimau arobaini, na udongo ukayanywa kwa sauti. Nilikaa chini katikati ya miti nikalia kwa furaha. Ndiyo, kwa furaha. Nilidhani nimewahi.

"Maji yamekuja?" Cirino aliniuliza.

"Yamekuja."

"Shamba lote?"

"Lote."

"Siku ya jina lako," akasema, akanishika mkono. Ulikuwa na matope. Nikashukuru kwamba yalikuwa matope ya kweli.

Kesho yake asubuhi majani ya tuta la chini yalikuwa yamelainika, mengine yamenyooka karibu sawasawa. Nilimpigia Tecla nikipiga kelele kwenye simu. Akaja jioni hiyohiyo, akabana majani, sikuona chochote usoni mwake.

"Limejaa maji," akasema. "Angalia, limenyooka kabisa. Lakini halipiki."

"Ulisema siku nne, tano."

"Nilisema hivyo. Tungoje."

Akaja tena siku ya tatu: sifuri. Siku ya saba: sifuri. Alinishika bega, jambo ambalo si kawaida yetu mimi na yeye, akasema kwamba ndani ya mti mna mirija, na ikikauka kupita kiasi inajaa hewa, na maji hayapandi tena hata ukiuzamisha mti ndani ya bahari. Yale tuliyoyaona siku ya kwanza yalikuwa yamepitia mirija michache iliyobaki. Kisha hata hiyo ikashindwa.

Mimi bado nilikuwa na tumaini moja, nalo si la mashine. Mlimau uliopona baada ya kiu huangusha majani. Hupunguza mzigo. Huyakata wenyewe pale kikonyo kinapoanzia, kazi safi, na chini ya mti panajaa majani yaliyoanguka mazima. Hiyo ni kazi ya mti ulio hai. Mti uliokufa hauna nguvu ya kuangusha hata jani moja. Hukauka nayo yote mwilini. Kila mwaka, siku chache baada ya maji ya kwanza, Cirino alikuwa anatembea juu ya majani hayo kama bwana harusi, akisikiliza yanavyolia chini ya viatu.

Nikangoja yaanguke. Yakawa ya rangi ya tumbaku, na hayakuanguka. Upepo wa moto kutoka kusini ukavuma siku mbili, ukang'oa bati la banda la Iachino, majani yangu yakabaki juu. Nilitikisa matawi. Nilivuta jani moja kwa vidole, likaja na utepe wa ganda la mti, kwa sababu hapakuwa na aliyelikata kwa ndani. Nikavuta jingine. Arobaini yote nilivuta, mti kwa mti, na tuta hadi tuta, mpaka vidole vikatoka damu, miti mia tatu, na hakuna hata mmoja ulioniachia jani lake.

"Yanaanguka?" Cirino aliuliza siku hiyo.

"Yanaanguka."

"Niletee."

"Kesho."

"Kesho yanakuwa ya kesho. Niletee ya leo, Venera."

Nilikwenda jikoni, nikakaa na aproni imejaa majani niliyoyanyofoa, nikachukua mkasi wa kushonea. Nikakata ule utepe wa ganda kwenye kila kikonyo, moja moja, vizuri, kama mtu anayemkata mtoto kucha. Nikatoka mlangoni nikavunja kishada cha maua kwenye mlimau wa jikoni, maana ule hutoa maua wakati wowote utakao, nikakiweka juu yake. Chumba kizima kikanukia nilipoingia.

Hakuyagusa maua. Alichukua jani moja kati ya yale makavu, akaligeuza, akapitisha kidole gumba kwenye ncha ya kikonyo. Akachukua la pili. Nilisimama pale na aproni yangu nikisikia pikipiki inapita barabarani.

"Mkasi," akasema.

Nikakaa kwenye ukingo wa kitanda.

"Hata ile arobaini?"

"Hata ile."

Akaitikia kwa kichwa, polepole, mara nyingi. Hakulia. Alinyoosha mkono dirishani akachukua kile kisahani, chenye majani kumi ya alfajiri kumi, akakiweka mapajani kwake. Yalikuwa yamekauka lakini yamekauka yakiwa yamekunjuka, wazi, mazuri.

"Nisamehe," nikasema. "Nilikuwa nayachuma mlangoni."

"Najua."

"Umejua leo."

"Nimejua siku ya kwanza. Shamba ni dakika kumi kwenda na kumi kurudi. Wewe uliweka kahawa motoni, nikasikia mlango, ukarudi kahawa bado haijachemka."

Sikuelewa mara moja. Kisha nikaelewa, na hasira ikanipanda kuliko aibu, nikasimama, nikampigia kelele mgonjwa.

"Na ukanyamaza? Siku kumi, Cirino! Gebbia ilikuwa na maji! Miti ya baba yako ingepona, yote arobaini! Kwa nini hukusema?"

Alikuwa anayapanga yale majani kwenye kisahani, kubwa kwa dogo.

"Ningesema," akajibu, "ungeniletea la kweli."

Nilirudi jikoni. Sinki lilikuwa limejaa maji ya vyombo vya mchana, nikayachota kwa ndoo, nikatoka nje nikaumwagia mlimau wa mlangoni, kwa sababu ndio tulionao.